Daftari Moja, Meza Moja: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Maradhi na Kuzeeka na Nguvu Zako

Mama yangu ana miaka 74 na bado hupanda daladala mwenyewe kwenda soko la Mawenzi, Morogoro. Mezani kwake, pembeni ya redio, liko daftari la shule lenye jalada la bluu. Ndani ameandika presha yake, sukari yake, vidonge anavyomeza, na hata mizizi ambayo mdogo wake humletea kutoka milimani Uluguru. Baba hakuwa na daftari. Alikuwa na vidonge vya hospitali kwenye droo na chupa ya mizizi chini ya kitanda, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua habari za vyote viwili. Nitarudi kwake mbele.

Watu wengi wakisikia tiba jumuishi hudhani maana yake ni kumeza kila kitu kwa pamoja: kidonge asubuhi, mlonge mchana, kikombe cha mganga jioni. Hiyo ni tiba ya kubahatisha. Tiba jumuishi ni kuweka mezani, mbele ya macho ya daktari wako na mtu wako wa karibu, kila unachokula, kila unachokunywa, unavyolala, unavyotembea na unavyojitibu, halafu kuacha vipimo viseme kipi kinakufaa. Mwongozo huu nimewaandikia wenye miaka 40 kwenda juu, pamoja na watoto wanaowatunza wazazi wao.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewe jambo moja. Presha na kisukari havikuja na uzee wetu tangu zamani. Dk. Hugh Trowell, aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na kisha hospitali ya Mulago, Kampala, alishuhudia presha ikiwa nadra kwa Waafrika wa huku, kisha akaiona ikizidi mbele ya macho yake. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu wakati huo mgonjwa mmoja tu alikuwa habari ya kuandikwa kwenye jarida la madaktari. Baadaye, watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Presha zao zilianza kupanda ndani ya miezi michache ya kwanza mjini, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo kuliko wa ndugu zao waliobaki nyumbani. Walikuwa ni watu wa damu ileile na umri uleule. Kilichobadilika ni sahani na maisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachotuua inaweza kurudishwa nyuma kwa mikono yetu.

Hatua ya 1: Nunua daftari

Daftari la kawaida la shule linatosha. Ukurasa wa kwanza andika jina, mwaka wa kuzaliwa, kundi la damu kama unalijua, dawa inayokudhuru kama ipo, na maradhi ya ukoo: nani alipooza, nani alikuwa na kisukari, nani alikufa ghafla na akiwa na miaka mingapi. Hilo la mwisho waulize shangazi na wajomba wakiwa bado hai. Ukurasa wa pili andika kila unachomeza, pamoja na vitu ambavyo huviiti dawa: habbat soda, asali na mdalasini, unga wa mlonge, chai ya kupunguza mwili, diklofenaki ya mgongo.

Daftari hili huenda nawe kila unapokwenda kutibiwa, kwa daktari na kwa mtabibu wa asili pia. Usisubiri kuulizwa, lifungue mezani.

Hatua ya 2: Pima, na upime sawasawa

Presha haina dalili. Kuumwa kichwa si kipimo, wala kujisikia mzima si kipimo. Wapo watu wanaotembea na 190 kwa 110 na kucheka.

Mashine ya kufunga kwenye mkono wa juu ni bora kuliko ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Kama huwezi kununua, changeni watu wanne au watano wa mtaa mmoja, au wanakikundi wa vikoba, mnunue moja. Kisha fuata utaratibu huu, maana makosa madogo hupandisha namba bila sababu:

- Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza.
- Kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano, miguu yote miwili chini, usikunje nne.
- Mkono uwe wazi, juu ya meza, usawa wa moyo. Usiongee.
- Pima, subiri dakika moja, pima tena. Andika zote mbili.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Ule uliotoa namba kubwa ndio utakaoutumia siku zote. Halafu pima asubuhi na jioni kwa siku saba, futa za siku ya kwanza, na utafute wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, au kituo cha afya kikipata 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya kupanda na inahitaji daktari. Usiianzie kwa mganga.

Sukari pimisha asubuhi kabla ya kula, baada ya kufunga saa nane au zaidi. Chini ya 6.1 (mmol/L) ni salama. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni onyo. 7.0 na kuendelea, ikithibitishwa siku nyingine, ni kisukari. Kipo pia kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Hicho hakikubali kudanganywa na mtu aliyejinyima siku mbili kabla ya kliniki.

Kiuno ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, maana hakina gharama. Chukua kamba, ipime sawa na urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, ikate. Ikunje mara mbili, kisha ujizungushie kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, hata kama mizani haikutishi.

Mara moja kwa mwaka, mwenye presha au kisukari apimwe kreatinini ya damu na protini kwenye mkojo, maana figo huharibika kimyakimya. Lehemu ya damu pimeni angalau kila baada ya miaka michache. Tanzania, mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama katika vituo vya serikali. Uliza dirisha la wazee, na kama hujapata kitambulisho anzia kwa mtendaji wa kata au mtaa. Usione haya, ni haki yako.

Hatua ya 3: Jiko ndilo zahanati ya kwanza

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo ushindi mwingi unapopatikana.

*Chumvi.* Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Watu huondoa kikopo cha chumvi mezani wakaamini wamemaliza. Chumvi iliyojificha ni kubwa zaidi: viungo vya mchuzi vya pakiti, ng'onda na papa mkavu, mikate, soseji, na chipsi zinazonyunyiziwa kama mvua. Tena kuna magadi. Wengi huweka magadi kwenye maharage, kisamvu au mlenda ili viive haraka, bila kujua kwamba magadi ni sodiamu ileile inayopandisha presha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Yataiva, na tumbo halitajaa gesi. Papa na ng'onda, kama huwezi kuviacha, loweka na ubadilishe maji mara mbili.

Ladha ya chumvi kidogo huzoeleka ndani ya wiki chache. Wakati unazoea, tumia ndimu, ukwaju, kitunguu swaumu, tangawizi, bizari, pilipili manga, giligilani. Wapishi wa Pwani walijua kutia ladha chakula kabla kiwanda hakijatuuzia vipakiti.

*Sukari na soda.* Chupa ya soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Hayupo mtu mwenye akili timamu angemimina vijiko tisa kwenye kikombe, lakini msibani na harusini tunafungua mbili bila kuhesabu. Juisi ya matunda hata isiyo na sukari ya kuongeza si mbadala wa tunda. Kula embe lenyewe, nyuzinyuzi zake zina kazi. Chai punguza nusu kijiko kila wiki. Mama alitoka vijiko vinne hadi sifuri kwa miezi miwili namna hiyo, na sasa chai ya sukari inamkera.

*Sahani.* Igawe. Nusu iwe mboga za majani na kachumbari: mchicha, matembele, mnafu, figiri, kabichi, bamia. Robo iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au muhogo, kipande cha ukubwa wa ngumi yako mwenyewe. Najua maneno yatakayofuata: "Nitashiba kweli?" Utashiba, ukianza na mboga na maharage, kisha ugali mwishoni. Mpangilio huo hupunguza pia kasi ya sukari kupanda baada ya mlo.

Ugali wa dona, mtama au ulezi ni bora kuliko sembe nyeupe, kwa sharti moja: nafaka iwe kavu na safi. Mahindi au karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na ikiliwa kwa miaka mingi sumu hiyohiyo huchangia saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Karanga chungu au iliyobadilika rangi itupe, usimpe hata kuku.

*Nyama ya mwili.* Mzee anayekula uji na chai tu anayeyuka misuli. Aliyevuka miaka 60, kama figo zake ni nzima, anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na gramu 30 za dagaa wakavu zina karibu 15 hadi 18. Kwa hiyo dagaa ni mkombozi wa mfuko na wa misuli pia. Asagiwe mzee asiye na meno, unga wake uchanganywe kwenye uji.

Neno la haraka juu ya moshi: kupikia kuni au mkaa kwenye chumba kisicho na dirisha kunaharibu mapafu na moyo kama sigara. Gesi ikishindikana, toa jiko nje.

Hatua ya 4: Miguu na misuli

Jipime leo. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, simama wima kabisa na ukae, simama na ukae, kwa sekunde 30. Hesabu. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 asiyefika mara 14, na mwanamke asiyefika 12, yuko chini ya wastani wa rika lake na yuko katika hatari zaidi ya kuanguka. Andika idadi kwenye daftari.

Zoezi hilohilo ndilo dawa yake. Fanya seti mbili au tatu asubuhi, siku mbili hadi tatu kwa wiki. Ongeza kusukuma ukuta kwa mikono, kuinuka kwa vidole vya miguu ukishika meza, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta hadi sekunde 10. Kubeba ndoo mbili za lita tano, moja kila mkono, kutoka bombani ni zoezi halali kabisa, kama mgongo hauumi.

Halafu tembea. Lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo lakini bado unaweza kuongea. Shuka daladala vituo viwili kabla. Baada ya chakula cha jioni, zunguka mtaa dakika 10 hadi 15. Muda huo misuli huchukua sukari moja kwa moja kutoka kwenye damu.

Kama unadhani umri umekupita, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulichukua zaidi ya watu 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kisukari. Waliotembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza uzito kidogo, kwa lengo la asilimia 7, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, kidonge cha kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Na waliofaidika zaidi na mwendo na chakula ni wale wa miaka 60 na zaidi: asilimia 71. Ninapolijua hilo, kumwambia mzee "wewe pumzika tu, tutakufanyia kila kitu" naliona ni kosa, hata likisemwa kwa upendo.

Wanaoswali tayari wana zawadi: kuinama, kusujudu na kuinuka mara nyingi kwa siku hutunza magoti na mizani ya mwili. Usihamie kwenye kiti kabla hujalazimika.

Hatua ya 5: Mitishamba, bila siri

Mwaka 2011 magari yalijipanga kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, watu wakienda kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Simlaumu mtu aliyekwenda. Aliyeuguza anajua kiu ya kupona. Lakini baadhi ya wagonjwa waliacha dawa za VVU, za kisukari na za presha baada ya kikombe, na hapo ndipo madhara yalipoingia. Mti unaweza kuwa na dawa ndani yake. Hatari ni kuacha kilichothibitishwa kwa ajili ya ambacho bado hakijapimwa mwilini mwako.

Baba yangu aliambiwa na mtu mmoja kwamba vidonge "vinachosha figo" na kwamba mizizi yake itamaliza presha moja kwa moja. Aliacha amlodipini, kidonge chake cha presha, bila kutuambia. Mtu huyo hakumpima presha hata mara moja. Baba naye hakupima, kwa sababu alijisikia vizuri.

Tiba asili ina sheria yake Tanzania tangu mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili inayochunguza mimea yetu kisayansi. Kwa hiyo muulize mtabibu: umesajiliwa? Dawa hii ni mti gani, sehemu gani ya mti, kiasi gani? Asiyetaka kutaja mti, mshukuru na uondoke. Chupa isiyo na jina inaweza kuwa imechanganywa dawa za kutuliza maumivu au steroidi za dukani. Mgonjwa huona goti limepona ndani ya siku mbili, huku presha na sukari vikipanda na figo zikiumia.

Ukiamua kutumia mmea, fuata masharti haya. Tumia mmoja tu kwa wakati. Usiguse dozi ya hospitali. Pima presha au sukari wiki moja kabla, kisha kwa wiki sita za kutumia, ukiandika kila kipimo. Namba zikishuka, peleka daftari kwa daktari. Yeye ndiye atakayepunguza kidonge kama inafaa. Zisiposhuka, umejua, na hela yako nunua mboga.

Kuhusu mimea yenyewe, nitasema ninachokiamini:

Rozela, ambayo wengine huiita choya, ina ushahidi mzuri. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 uliwapa watu wenye presha iliyopanda kidogo vikombe vitatu vya chai yake kwa siku, wiki sita, na namba ya juu ikashuka kwa takriban 7, wakati waliopewa kinywaji cha kufananishia walishuka kwa 1 tu. Chemsha, chuja, usitie sukari. Anayetumia dawa za presha aanze na kikombe kimoja na apime.

Tangawizi, manjano, kitunguu swaumu na mdalasini kwa kiasi cha mapishi ni salama kwa watu wengi. Hali hubadilika vinapokuwa vijiko vikubwa kila siku au vidonge. Kitunguu swaumu na tangawizi kwa wingi huongeza kutoka damu kwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini, na lazima viachwe kabla ya upasuaji. Mdalasini wa kawaida wa dukani, ukiliwa kijiko kizima kila siku kwa miezi, unaweza kuumiza ini.

Mlonge, karela na habbat soda vinaweza kushusha sukari. Ni habari njema mpaka vikutane na dawa za kisukari kama glibenklamidi au insulini. Hapo sukari inaweza kuanguka usiku ukiwa umelala. Pima mara nyingi zaidi na umwambie daktari.

Mizizi ya susu, inayotafunwa au kutiwa kwenye chai ya kikohozi, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Mwenye presha aiache. Utomvu mchungu wa shubiri unaharisha na kumaliza chumvichumvi za mwili. Usiunywe kwa kujisafisha. Mwarobaini uliochemshwa usinywe kwa miezi.

Na tusiwasahau ndugu wa duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazomezwa kama karanga kwa ajili ya mgongo na magoti, hupandisha presha, hutoboa tumbo na huumiza figo za wazee. Ukizihitaji zaidi ya siku chache, goti linahitaji uchunguzi, na mara nyingi linahitaji zoezi la kiti lile la hatua ya 4. Metformini ya miaka mingi nayo hupunguza vitamini B12. Ganzi za miguu si lazima ziwe kisukari, zitajwe kliniki.

Hijama au chuku, kama ni desturi yako, wembe na vikombe viwe vipya na visivyotumiwa na mtu mwingine. Homa ya ini B na VVU hupita hapo.

Hatua ya 6: Usingizi, pumzi na watu

Saa saba hadi nane. Anayekoroma sana, akikata pumzi kisha kushtuka, halafu mchana anasinzia kwenye kiti, amweleze daktari. Ugonjwa huo wa pumzi za usingizini huifanya presha ikatae dawa.

Pumua polepole dakika kumi jioni, pumzi sita hivi kwa dakika, kutoa kuwe kirefu kuliko kuvuta. Wengine hufanya hivyo wakiwa kwenye dhikri au rozari bila kujua kwamba wanaitunza pia mishipa yao.

Na mzee asiachwe peke yake. Baraza, bao, kwaya, kikundi cha kina mama, mjukuu wa kusaidia hesabu: akili isiyo na wa kuongea naye hufifia mapema. Kama masikio yamepungua, apimwe, kwa sababu asiyesikia hujitenga. Huzuni ya muda mrefu ni ugonjwa unaotibika, tusiiite uzee.

Hatua ya 7: Uchunguzi usiosubiri maumivu

Mwanamke kuanzia miaka 30 achunguzwe mlango wa kizazi. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25. Kipimo cha siki huchukua dakika chache na madoa ya awali yanaweza kutibiwa kabla hayajawa saratani. Binti zetu wapate shuleni chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo. Uvimbe wowote kwenye titi, hata usiouma, hasa usiouma, uonwe ndani ya wiki hiyo.

Mwanamume wa miaka 50, au 45 kama baba au kaka yake aliugua, azungumze na daktari juu ya tezi dume. Kipimo cha kwanza kinaweza kuwa cha damu tu, kwa hiyo asikimbie. Macho yapimwe presha yake kuanzia miaka 40, maana glakoma huiba kuona kidogokidogo kutoka pembeni. Homa ya ini B pima angalau mara moja. Kama huna, pata chanjo dozi zote.

Hatua ya 8: Ukurasa wa mwisho wa daftari

Uso umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno yanakokotwa au hayaeleweki. Hata moja tu kati ya hayo, likija ghafla, ni kiharusi mpaka hospitali iseme vingine. Si pepo, si jini, si hasira za jirani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina nafasi ndani ya saa nne na nusu tu, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo. Usimpe maji, chakula wala kidonge cha presha mdomoni, anaweza kupaliwa. Mlaze ubavu, andika saa dalili zilipoanza, ondokeni.

Kubanwa kifua kunakopanda shingoni, tayani au mkononi, pamoja na jasho baridi, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Presha ya 180 kwa 120 au zaidi ikiambatana na kifua kuuma, kukosa pumzi, kuona ukungu au kuchanganyikiwa, vilevile. Mwenye kisukari akitetemeka, akitoka jasho na kusema ovyo, na bado anaweza kumeza, mpe soda nusu glasi au maji ya vijiko vitatu vinne vya sukari, pima baada ya dakika 15. Hapo soda ni dawa.

Baba alianza kukokota maneno saa tatu usiku. Tulikaa naye hadi alfajiri kwa sababu mtu mmoja alisema tumwombee kwanza na gari litafutwe asubuhi. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, upande wa kulia haukurudi.

Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa daftari la mama umeandikwa kwa kalamu nyekundu: hospitali ya karibu yenye kipimo cha CT, jina na namba ya anayekaa na funguo, namba ya bima, na namba mbili za madereva. Wa kwanza ni kijana wa bajaji anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama alishamlipa nauli ya safari moja ya usiku mapema, ili siku akipigiwa asiwe na la kuuliza.